Wote Waliitwa Tunangoja

Mbwa wa mama mkwe wangu alikuwa anaitwa Tunangoja. Ng'ombe wake naye alikuwa Tunangoja, na nguruwe jike aliyekuja baadaye akapewa jina hilohilo. Nikiwasimulia watu hapa Soweto, Mbeya, kwenye kibanda changu cha mchele, wanacheka mpaka wanashika mbavu. Wanasema huyo mama alikuwa mvivu wa kufikiri. Huwa nawaacha wacheke kwanza. Wakimaliza nawaambia hakuwa mvivu hata kidogo. Yule mama alikuwa na akili kuliko sisi wote, na akili yake yote aliitumia kunichoma mimi.

Kule kwake, milimani upande wa Iringa, mbwa hapewi jina la bure. Jirani akikusengenya, hugombani naye. Unatafuta mtoto wa mbwa, unamwita Mtachoka, halafu kila jioni unasimama uani unaita kwa sauti ya kufika ng'ambo ya bonde: "Mtachokaaa! Mtachoka wee, njoo ule!" Jirani anasikia, moyo unamuuma, lakini afanye nini? Hawezi kwenda kwa mwenyekiti wa kijiji kushtaki kwamba umemwita mbwa wako. Naye kama ana roho, atatafuta wa kwake amwite Hatuchoki. Vita hivyo vinaweza kwenda miaka na miaka, na kanisani watu wanapeana amani kama kawaida.

Hata kwetu Unyakyusa majina ya namna hiyo yapo. Ila sisi ukituudhi tutakuja mlangoni kwako tukuambie. Tutapayuka, tutalia, kisha tutakaa tule ndizi. Ndivyo nilivyolelewa, na ndiyo maana yule mama aliniweza.

Niliolewa kule nikiwa msichana mwenye haraka na maisha. Mume wangu alikuwa fundi uashi. Tulikutana Mbeya, alikuja kujenga nyumba ya jirani yetu, na kazi ilipoisha akanichukua kwenda kwao kwa sababu mama yake alikuwa amebaki peke yake. Baba mkwe alishafariki zamani, na wifi yangu, dada yake mume wangu, alikuwa ameolewa Iringa mjini.

Mwaka wa kwanza, jamani, tulipendana na yule mama. Huo ndio ukweli na siwezi kuuficha. Alinifundisha kulima vinyungu, vile vishamba vya bondeni vyenye unyevu ambavyo wao wanavilima kiangazi wakati kwingine kumekauka. Alinionyesha namna ya kuinua tuta na kuchimba mfereji wa kutoa maji. Alinitania ugali wangu. "Nyie mmezoea ndizi," alisema, "ugali wenu huu mtu anaweza kuunywa." Tulicheka hadi jirani akaja kuuliza kuna nini.

Mwaka wa pili sina mimba, tumbo liko vilevile. Asubuhi moja akarudi kutoka kwa jirani na kikapu, ndani yake kitoto cha mbwa cheusi chenye kidevu cheupe. Nikakinyanyua, nikafurahi.

"Mama, huyu anaitwa nani?"

Hakuniangalia. Akamwangalia mbwa, akasema, "Tunangoja."

Na mimi mjinga nikacheka. "Sasa mnangoja nini, mama?"

Akaingia jikoni. Jioni ile nikiwa naosha vyombo nikamsikia anaita, "Tunangoja! Tunangoja wee!" Mtoto wa mbwa alikuwa miguuni pake, analamba sufuria. Aliita akiwa amegeukia mlango wa chumba changu. Sahani ikanitoka mkononi.

Mtu asiyejua kwetu bara ataona nimejitia uchungu bure. Lakini fikiria hili: kule mwanamke aliyeolewa haitwi jina lake. Anaitwa mama wa mtoto wake wa kwanza. Asiyezaa ataitwa nani? Kwenye jumuiya, siku ya sala ya nyumba kwa nyumba, wanawake walikuwa wanajitambulisha: mimi mama fulani, mimi mama fulani. Zamu yangu ikifika wote wanainamisha vichwa kama tumeanza kuombea marehemu. Hivyo nyumbani kwangu mwenye jina alikuwa mbwa, mimi nikabaki "huyu". "Huyu ameshachota maji?" "Huyu hajarudi bondeni?" Na jina langu ninalo, zuri tu, nililobatiziwa.

Ng'ombe akafuata. Alikuwa mtamba mzuri aliyepewa na kaka yake, na akamwita Tunangoja. Wiki nzima nilijiambia labda ni mazoea. Kisha Tunangoja wa ng'ombe akazaa. Mama mkwe akasimama zizini, akampapasa mgongo, akasema kwa sauti ya ibada, "Asante Tunangoja. Wewe umesikia." Kwa mbwa lile jina lilikuwa swali. Kwa ng'ombe likawa kipimo, na nikipimwa na ng'ombe nilikuwa napungua.

Kwa nguruwe, Mungu wangu, likawa tusi. Yule nguruwe jike alikuwa anazaa utadhani ametumwa. Banda linajaa watoto wanapiga kelele, yeye kalala ubavu ananyonyesha, na mama mkwe anawaonyesha wageni: "Huyu ni Tunangoja wetu. Kwake hatungoji sana." Wageni wanacheka kidogo, wananiangalia kidogo. Wanasema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Mimi niliuona ukipigwa kupitia kwa nguruwe ukanifikia binadamu.

Vichekesho havikukosekana. Akiita Tunangoja jioni, mbwa anakuja mbio, ng'ombe analia zizini, nguruwe anagonga mlango wa banda kwa pua, wote wanadhani wameitwa kula. Watoto wa jirani walikuwa wanapanda ukingo wa shamba kuja kutazama. Hata mimi siku moja nilicheka. Nilicheka halafu nikaingia ndani nikalia, na mume wangu akaniuliza nalia nini, nikamwambia, "Nenda kamuulize mama yako." Akageukia ukutani akalala.

Nilikuwa nataka kitu kimoja tu. Sikutaka anipende tena kama mwaka ule wa vinyungu. Nilitaka aniite kwa jina langu, tukae kwenye vigoda, aniambie kwa mdomo wake: mwanangu, mbona huzai? Ningemjibu. Jibu nilikuwa nalo.

Nilikuwa nimekwenda hospitali mjini, nikapimwa kila kitu cha kupimwa. Daktari akaniambia, "Mama, wewe huna shida. Mwambie mwenzio naye aje." Nilirudi na hiyo habari nimeikumbatia. Mume wangu akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nikapimwe kama ng'ombe wa mnadani? Mimi ni mzima." Nikamwomba basi amwambie tu mama yake kwamba mimi sina tatizo. Akasema mama haelewi mambo ya hospitali. Mficha uchi hazai, wanasema. Yeye alificha wake, na mimi ndiye niliyeitwa tasa.

Nilipokwenda kwetu kusalimia nikamweleza mama yangu mzazi. Akasikiliza, akasonya. "Kuwa mwangalifu. Ukimjibu mkwe umejifukuza mwenyewe."

Nilimsikia, sikumtii. Mnadani nikanunua jogoo mwekundu, mrefu, anayetembea kama diwani, nikamwita Muulizeni. Sikuelezea. Nilisimama uani palepale anaposimamia yeye, nikamwaga mahindi, nikaita, "Muulizeni! Muulizeni wee!" Nikaita nikiwa nimegeukia mahali mume wangu alipokuwa anaota jua. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage, na mkono wake ukasimama. Nikasema moyoni, leo umenisikia kwa lugha yako.

Haikufika Jumapili. Wanawake wa jumuiya walikuja kusali kwetu, na nilipotoka kuchota maji nikakuta manyoya mekundu nyuma ya jiko. Amewachinjia wageni, na mgeni kuchinjiwa kuku ni heshima, nani atalalamika? Jibu langu likaliwa kwa ugali. Firigisi, ambayo kule ni ya mwanamume mwenye nyumba, akamwekea mwanawe. Mwanawe akaitafuna firigisi ya Muulizeni, akajilamba vidole, wala hakuuliza kitu.

Baada ya hapo mume wangu akasikia mgodi umetema dhahabu Chunya. Wanaume wa kijijini walikuwa wanaondoka na sururu zao wakirudi na simu kubwa na maneno makubwa. Akasema anakwenda msimu mmoja. Alirudi mara moja tu, mwembamba, ana vumbi mpaka kwenye kope, akalala siku mbili akaondoka tena. Kisha simu ikawa haipatikani. Kisha tukasikia ana mwanamke huko.

Kipindi hicho mbwa wa kwanza aliumwa na nyoka akafa. Nikasema, afadhali. Mama mkwe akaleta mwingine, wa rangi ya udongo, masikio yameanguka. Nikasubiri kusikia atamwita nani, maana sasa mume mwenyewe hayupo, mtoto atatoka wapi? Akamwita Tunangoja.

Hapo nikafunga nguo zangu. Akufukuzaye hakwambii toka, na wangu alikuwa na mbwa wa kunikumbusha kila asubuhi. Nilimuaga. Alikuwa anapalilia njegere, hakuinuka. Alimwambia mbwa, "Tunangoja, sogea, watu wanapita."

Nikarudi Mbeya. Nimeuza mchele, nimejenga chumba na sebule, nimenenepa. Siko vibaya. Wifi yangu wa Iringa mjini hakuniacha. Yeye ndiye aliyenipigia siku moja kuniambia kaka yake huko Chunya ameachana na yule mwanamke, na kwamba miaka yote ile huko nako hawakupata mtoto. Alisema kwa sauti ya chini kana kwamba mama yake yuko chumba cha pili. Nikamshukuru, nikakata simu, nikakaa juu ya gunia la mchele. Nilidhani nitafurahi.

Juni iliyopita wifi akapiga tena. "Wifi, mama miguu imekwisha. Anakuulizia."

"Ananiulizia yeye, au mbwa ndiye ananiulizia?"

Wifi akacheka. "Njoo tu, wifi yangu."

Nilijua naenda kwa nini. Huruma nilikuwa nayo, sikatai, lakini si huruma iliyonipandisha basi. Nilitaka lile neno. Nilijisemea kwamba mtu akishazeeka hana tena cha kuogopa, ataniita jina langu, tutasemezana kama watu. Njia nzima nilikuwa napanga nitakavyoitikia.

Bodaboda ilinishusha barabarani, nikapanda kilima kwa miguu. Baridi ya Juni ya kule inaingia mpaka kwenye meno. Zizi lilikuwa tupu, ng'ombe alishauzwa. Banda la nguruwe lilikuwa limeota majani, homa ya nguruwe ilipita ikawamaliza wote. Amebaki mbwa peke yake, yule wa rangi ya udongo, sasa mzee, macho yana ukungu. Mama mkwe alikuwa kwenye kigoda mlangoni pa jiko, amejifunika mablanketi mawili, amekuwa mdogo kama mtoto wa shule.

"Kamwene, mama," nikamsalimia kwa kwao.

"Kamwene," akaitikia. Halafu akamwinamia mbwa. "Tunangoja, tumepata mgeni."

Nikajiambia, vumilia, ndiyo anaanza. Msichana wa jirani anayemsaidia akaleta maji ya kunawa. Kumbe walishachinja kuku. Mama mkwe mwenyewe akachukua upawa, akapakua. Akatafuta kwenye sufuria, akatafuta, akapata, akaniwekea juu ya ugali wangu. Ilikuwa firigisi.

Mtu wa kule angeelewa. Firigisi ya mwanamume mwenye nyumba, mwanamke hapewi, na mimi nimepewa. Yule mama alikuwa ananiomba msamaha, na alikuwa ananiomba kwa heshima kubwa kuliko nilivyowahi kuona mwanamke akipewa kijijini pale. Niliielewa vizuri sana, na ndipo hasira ikanipanda. Hata msamaha wake ulipitia kwa kuku.

"Mama," nikasema, "umeniita nimekuja. Niambie."

Akamkuna mbwa kichwani. "Tunangoja, chakula kitapoa."

"Mama, mimi si mbwa!" Nilipiga kelele, sikatai, msichana wa jirani akatoka nje. "Mimi nina masikio. Nilipimwa hospitali, mama. Nilikuwa mzima. Mwanao alikataa kwenda. Miaka yote ile ulikuwa unaniitia wanyama mlangoni na shida haikuwa yangu!"

Moto ukawa unalia lia. Kisha akasema, taratibu, macho kwa mbwa:

"Tunangoja, huyu anadhani sikujua."

Nikasogeza sahani pembeni.

"Mwanangu aliugua matubwitubwi akiwa kijana, ameshaanza kunyoa ndevu," akamwambia mbwa. "Akavimba, akavimba mpaka chini. Nesi aliniambia. Alisema, mama, huyu huenda asizae. Nilijua kabla sijapeleka posa kwao Mbeya."

"Ulijua!"

"Nilikuwa naita ili yeye asikie. Aende akatafute dawa. Jina lilikuwa lake, Tunangoja. Wala si la huyu." Akajifuta pua na ncha ya blanketi. "Mwanangu wa kumzaa, mwanamume, ningemwambiaje? Mama hamwambii mwanawe wa kiume mambo ya chini ya nguo. Nikaita. Hakusikia. Akasikia mwingine."

Sijui kama nilimwamini. Mpaka leo nikiwa nimekaa kibandani najiuliza. Kama jina lilikuwa lake, mbona lilikuwa linaitwa mlangoni kwangu? Labda kwa sababu ni mlango wake pia, tulilala chumba kimoja. Na nguruwe je? Aliposema kwake hatungoji sana, wageni wakaniangalia mimi, naye aliwaona wakiniangalia na hakuwazuia. Aliona mshale umempata mtu ambaye hakumlenga akauacha palepale, kwa sababu ulipokuwa kwangu haukuwa kwa mwanawe. Hilo ndilo ninaloliamini, na halinitoki.

Nilimwambia, "Mama, basi geuka unitazame. Niambie haya haya, ila niambie mimi. Niite jina langu, mara moja tu, nitakaa hapa, nitakupikia, nitakukanda miguu. Nitakaa mpaka mvua." Na nilikuwa nasema kweli. Niliona vinyungu kule chini bondeni, matuta yameanza kubomoka, na mikono yangu ilikuwa inawasha.

Midomo yake ilicheza. Nilidhani linakuja. Akamfunika mbwa kwa pembe ya blanketi.

"Tunangoja," akasema, "baridi."

Nikasimama. Firigisi niliiacha kwenye sahani. Nikamkumbatia, maana ni mama na ni mgonjwa, mabega yake mifupa mitupu, na hata nilipomkumbatia uso wake ulikuwa umegeukia pembeni. Nikampigia simu yule wa bodaboda, nikashuka kilima.

Nilikuwa nimefika barabarani nilipomsikia. Alikuwa amejikongoja mpaka ukingoni mwa uwanja, ameshika nguzo ya kibanda cha kuni, anaita kwa sauti ileile ya kufika ng'ambo ya bonde, ila sasa ina nyufa. "Tunangoja! Tunangoja wee!"

Nikageuka. Mbwa alikuwa amelala miguuni pake, hajanyanyua hata sikio. Hapakuwa na ng'ombe wala nguruwe, na mwanawe yuko Chunya. Hapo hakukuwa na mtu mwingine wa kuitwa isipokuwa mimi.

Nikasimama pale barabarani. Dereva akaniuliza kama nimesahau kitu, nikamwambia subiri kidogo. Nilimpa nafasi. Nilisema moyoni, mama, linanitosha moja tu, silabi tatu, unalijua.

Akavuta pumzi, akamwita mbwa tena. Nikapanda bodaboda.